Koa wa Mgeni Rasmi

Haya hayakutokea zamani, wala hayakutokea mbali. Yametokea katika nchi yetu, na jina la nchi sitalitaja, maana lilipelekwa Makao Makuu kufanyiwa marekebisho na bado hatujarudishiwa. Mimi ni karani wa masjala katika Ofisi ya Tarafa. Kazi yangu ni kupokea barua, kuzigonga muhuri, kuzibana kwenye jalada na kulirudisha jalada kabatini. Huu ni mwaka wa ishirini na sita. Mgongo unaniuma na sina ubaya na mtu. Naeleza nilivyoona tu, mwenye kukasirika akasirike taratibu.

Kwanza mjue desturi yetu. Kwetu kitu hakijaanza mpaka kizinduliwe. Kinaweza kuwa kipo, unakiona, unakigusa, lakini kama mgeni rasmi hajaja kukata utepe, basi kiserikali hakipo. Daraja la mto wetu lilikaa miezi kumi na moja limefungwa utepe, nasi tukivuka majini chini yake, viatu mkononi, huku tukilitazama kwa heshima. Wodi ya wazazi ilipokamilika, mama wa kwanza kujifungulia humo aliandikiwa barua ya onyo kwa kuzaa kabla ya uzinduzi. Mtoto ana miaka minane sasa, na kwenye cheti chake cha kuzaliwa bado pameandikwa "kwa muda". Barua ile ya onyo niliiandika mimi. Hatulalamiki, tumezoea.

Sasa, mwaka jana masika yalizidi. Mvua ilinyesha wiki sita karibu bila kupumzika, na ikatuletea koa. Koa, kama hujabahatika kukutana naye, ni ndugu yake konokono aliyenyimwa nyumba. Mlaini, anateleza, anaacha ute kila anapopita, na tumbo lake halina adabu. Unalala una miche mia ya kabichi, unaamka una vijiti mia. Mtaa mzima ulilia. Mchicha ukaisha, sukuma wiki ikaisha, tukaanza kula ugali kwa chumvi na kutazamana.

Bustani moja tu ilibaki, ya Mama Nakijwa.

*

Mama Nakijwa ni mjane wa miaka sabini na kitu, mfupi, mkavu wa mwili, sauti yake kali kuliko umri. Bustani yake iko mteremkoni, hatua mia mbili kutoka ofisini kwetu. Nilikuwa nikipita hapo kila asubuhi nikienda kazini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Karani. Angalia unapokanyaga, kuna majivu hapo."

Siri yake haikuwa siri. Jioni alitandaza magunia yaliyoloana katikati ya matuta. Koa wanapenda ubaridi, wakaingia chini ya magunia kulala. Kukipambazuka aliyainua, akawakusanya kwa kijiti, akawatupia bata wake wawili, jike na dume, ambao walikuwa wanamsubiri wamejipanga. Kila shina alilizungushia majivu makavu ya jikoni, mvua ikiyaosha anaweka mengine. Maji ya kumwagilia, zile siku chache mvua ilipokata, alimwaga asubuhi na si jioni, ili udongo ulale mkavu. Basi. Hakuna semina hapo, hakuna posho.

Na alichokuwa anakilinda hakikuwa mboga ya sufuria moja. Ilikuwa figiri, mashina arobaini, aliyoyaacha yakomae yatoe mbegu. Figiri ya dukani unaipanda, unaila msimu mmoja, ukiitegemea ikupe mbegu inakupa majani ya kusikitisha. Hii ya Mama Nakijwa alipewa na mama yake, na mama yake alipewa na mkwe wake, na kila mwaka ilirudi ileile, jani pana, uchungu kidogo mwishoni. Kila mwaka kabla ya masika, kila kaya ya mtaa wetu ilikwenda kwake na kijiko. Anakijaza, anasawazisha kwa kidole, anasema, "Nenda kapande, usije ukairoweka." Hachukui kitu. Mwaka ule kaya zote zilipanda vijiko vyao, na koa wakavila vyote vilipochipua. Kwa hiyo figiri yote ya tarafa ilikuwa mashina yale arobaini. Yakifa, imekwisha, na hakuna duka la kwenda kuiulizia.

Habari zake zikamfikia bwana shamba wetu, Elinami. Huyu ni kijana mwenye buti safi kabisa. Akaandika taarifa Makao Makuu kwamba katika tarafa yetu kuna bibi asiye na koa. Makao Makuu wakajibu haraka ya kushangaza, baada ya wiki tatu, wakataka sampuli ya udongo, ya jani na ya mbegu. Mama Nakijwa akamimina kijiko cha mwisho kilichokuwa kwenye kopo lake.

"Chukueni. Nina mashina arobaini shambani, hii ya kopo ya nini kwangu?"

Nikaitia mbegu kwenye bahasha, nikaigonga muhuri, nikaibana kwenye jalada kusubiri gari la kwenda Makao Makuu. Gari halikuwa na mafuta. Bahasha ikakaa, nami nikaisahau kama ninavyosahau vyote vilivyomo kabati lile.

*

Kilichokuja badala ya gari ni waraka. Niliufungua mwenyewe. Ulitangaza Kampeni ya Kitaifa ya Kumtokomeza Koa, kwa kifupi KAKIKUKO. Ulikuwa na kurasa kumi na tisa, na kumi na saba zilikuwa za kuwashukuru wakubwa. Ukurasa wa kumi na nane ulisema kampeni itazinduliwa kitaifa katika bustani ya Mama Nakijwa, na Mheshimiwa Waziri wa Mimea na Wadudu Watambaao, tarehe ishirini na tano Aprili. Ukurasa wa kumi na tisa ulikuwa na agizo moja: kuanzia tarehe ya waraka, ni marufuku kwa mwananchi yeyote kumwua, kumfukuza au kumbughudhi koa kabla ya uzinduzi, ili kutopunguza uzito wa kampeni.

Mkuu wangu, Bwana Mbwilo, Afisa Tarafa, aliusoma amesimama. Ni mtu mnene, mwema ukimkuta ameshiba, na katika miaka yake tisa hapo alikuwa hajawahi kumpokea Waziri.

"Karani," akaniambia, "tumeonekana."

Siku hiyohiyo tukateremka bustanini kama Kamati ya Maandalizi: Bwana Mbwilo, Elinami na mimi mwenye daftari. Mama Nakijwa alikuwa ameinama anaweka majivu.

"Mama, hongera," Bwana Mbwilo akasema. "Taifa linakuja kwako."

"Taifa lote? Litakaa wapi?"

Akaelezwa. Akasikiliza, akajifuta mikono kwenye kanga, akasema karibuni. Ndipo Bwana Mbwilo akazunguka bustani mara mbili, akichungulia chini ya majani, na uso wake ukaanza kubadilika.

"Mama, koa wako wapi?"

"Nimewaua."

"Wote?"

"Nimalize nusu ya nini, baba?"

Elinami akatazama buti zake. Bwana Mbwilo akatoa leso, akajipangusa shingo.

"Mama, unaelewa ulichofanya? Mheshimiwa anakuja kuzindua vita. Vita na nani? Atoke huko aliko, na msafara, na waandishi, aje kutangaza vita mbele ya majani? Wewe umekwisha kushinda! Nani kakutuma ushinde?"

"Niliona wanakula mboga."

"Uliona!" Bwana Mbwilo akanigeukia. "Andika, Karani. Mwananchi alichukua hatua."

Nikaandika.

*

Dawa ilipatikana kwenye kikao cha dharura, baada ya chai. Bustani haiwezi kubadilishwa, maana imetajwa kwenye waraka, na ndiyo pekee yenye kitu cha kijani cha kuonyesha kwenye televisheni. Kwa hiyo koa wataletwa.

Elinami alipita mtaani na ndoo mbili kuomba michango. Nimeona michango mingi katika nchi yetu, ya madawati, ya mwenge, ya kumuaga fulani na kumkaribisha fulani, na watu hujificha uvunguni. Huu haukuwa na mtu wa kujificha. Watu walitoa kwa moyo, wengine walimfuata Elinami barabarani kumwongezea. Kufika saa nne asubuhi alikuwa na koa mia mbili, wakubwa kwa wadogo. Akawamwaga kwenye matuta ya Mama Nakijwa, akawapanga vizuri, akawapiga picha.

Mama Nakijwa alipoona alipiga ukunga. Kisha akaita bata.

Bata walifanya kazi yao. Dakika kumi, koa sitini hawapo. Bwana Mbwilo akaja mbio ameshika suruali, akaamuru bata wakamatwe kwa kosa la kula wahusika wa shughuli ya kitaifa. Mgambo wawili waliwafukuza bata kuzunguka bustani, wakaangukiana, hatimaye wakawatia kwenye tenga na kuwapeleka ofisini kwetu. Nikawafungulia jalada. Walikaa nyuma ya kabati langu, dume analalamika siku nzima, jike kanyamaza.

Magunia nayo yakachukuliwa, kwa kuwa yanawavuta koa mahali pasipopangwa. Majivu yakafagiliwa. Mgambo mmoja, Bwana Shekalaghe, akawekwa kuwalinda koa, akapewa kitabu cha mahudhurio. Alitakiwa kuwahesabu asubuhi na jioni. Mchana koa hujificha udongoni, na yeye ni mtu mwaminifu, akawa anaandika, "Wapo, wamepumzika."

Tarehe ishirini na tano Aprili ikafika. Mheshimiwa hakufika. Alikuwa amekwenda ng'ambo kwa ziara ya mafunzo, kujifunza jinsi nchi za theluji zinavyoishi bila koa. Uzinduzi ukasogezwa hadi tarehe tisa Mei. Tarehe tisa Mei alikuwa anaandika taarifa ya ziara. Ukasogezwa hadi siku itakayotangazwa.

Koa hawakusogeza kitu. Wao walianza kazi siku ileile waliyoripoti.

*

Mama Nakijwa alikuja ofisini siku ya Jumatano, mchana, mvua inapiga mabati. Alikuwa amelowa, miguu ina matope mpaka karibu na magoti. Aliketi kwenye benchi la wageni, akawasikia bata wake nyuma ya kabati, akawageukia. Dume akaitika. Sikujua niangalie wapi.

"Mashina yamebaki kumi na moja, Karani," akasema. "Jana yalikuwa kumi na sita."

"Pole, mama."

"Mmenikataza kuwaua, sijaua. Nawaokota kwa mkono mmoja mmoja, naenda kuwaweka kule chini mtoni. Wazima. Jioni yule mgambo wenu anahesabu, anaona hawatimii, anakwenda mtoni anawaokota anawarudisha. Wengine tumeshazoeana, nawajua." Alicheka kidogo, bila furaha. "Mimi siombi makubwa. Sitaki hata kwenye televisheni. Nirudishieni bata wangu, au niruhusuni nimwage majivu kwenye haya kumi na moja tu. Yana maua sasa. Mwezi mmoja yatakuwa na mbegu. Mwezi mmoja!"

Nilisikia aibu, nasema wazi. Lakini aibu ya karani hutokea kwa njia ya barua. Nikamwandikia barua nzuri sana, "Yah: Ombi la Kumwaga Majivu", nikatia neno "kwa unyenyekevu" mara tatu. Nikaipeleka mwenyewe kwenye basi.

Jibu lilikuja baada ya siku kumi na nane. Makao Makuu walimshukuru mwananchi kwa uzalendo wake. Walisema majivu yatatolewa na Serikali. Majivu ya KAKIKUKO yalikuwa yanatengenezwa, yatafungashwa kwenye mifuko yenye nembo, na mtu yeyote asitumie majivu ya jikoni ambayo ubora wake haujathibitishwa. Chini kabisa waliongeza kwamba tarehe ya uzinduzi ni tarehe nne Juni, haitabadilika.

Nilipompelekea jibu lile, mashina yalikuwa yamebaki matatu. Nilimsomea. Alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya tuta, mwavuli begani, anatoa koa kwenye jani kwa vidole. Bwana Shekalaghe alikuwa amesimama pembeni na kitabu chake.

"Samahani, mama," mgambo akasema, "huyo ni wa tuta la pili."

*

Tarehe nne Juni mvua ilikuwa imekata. Jua lilitoka tangu asubuhi, koa wote wakaingia chini ya udongo kama wana akili.

Maturubai matano yalisimama, kwaya mbili, ngoma moja, viti vya plastiki na makochi ya wakubwa. Bustani ilikuwa tupu, udongo na ute tu, basi Kamati ikaagiza kabichi themanini kutoka wilaya ya juu, wapishi wakazichomeka ardhini kwa mashina yake. Zilipendeza. Moja ilikuwa bado na alama ya chaki ya muuza sokoni.

Shina la figiri lilikuwa limebaki moja. Lilikuwa refu, limeliwa chini lote, lakini juu limeshika vitumba vya mbegu, virefu vyembamba, vimeanza kugeuka rangi. Wiki moja zaidi, au mbili. Mama Nakijwa alilifunga kijiti lisianguke na kitambaa chekundu lisikanyagwe, akasimama karibu nalo katika kanga yake mpya.

Saa sita na nusu mtu wa itifaki akaja na futi. Akapima kutoka gari litakaposimama hadi jukwaani. Zulia lilipaswa kwenda moja kwa moja, haliruhusiwi kupinda. Shina lilikuwa katikati ya njia.

"Hiki nini?" akauliza.

"Mbegu," Mama Nakijwa akasema. "Mwanangu, nakuomba. Zulia pitisheni hapa pembeni, ni hatua moja. Hatua moja tu."

Mtu wa itifaki akamtazama Bwana Mbwilo. Bwana Mbwilo akanitazama mimi. Kwenye barabara ya juu ving'ora vilikuwa vimeanza kusikika. Bwana Mbwilo akainama, akaling'oa shina kwa mkono wake, taratibu, akalilaza pembeni kama mtu anayelaza kitu kilicholala. Watu walikuwa wanasukumana kuona magari, wakalipita juu. Zulia likatandazwa. Mimi nilishika upande wa kushoto.

Mheshimiwa aliteremka saa saba, miwani ya jua, suti ya kijani. Risala ikasomwa. Bwana Shekalaghe akakabidhi kitabu cha mahudhurio ya koa, Mheshimiwa akakipitia akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akasimama kwenye kipaza sauti.

"Itifaki imezingatiwa! Ndugu wananchi, wako wanaodhani koa ni mdudu. Wamekosea. Koa ni mtazamo! Koa ni ile tabia ya kula usichopanda! Koa haji mchana, haji kwa hodi, haji na kitambulisho. Nami nauliza, je, Serikali yenu sikivu itakaa kimya mwananchi mnyonge anapoliwa?"

"Haitakaa!" tukajibu.

"Nimezunguka dunia kwa ajili ya koa. Nimelala hoteli ngumu kwa ajili ya koa. Leo natangaza: koa sasa basi!"

Vigelegele. Akaletewa sinia lenye majivu rasmi, ya nembo, akatakiwa kumnyunyizia koa mmoja kwa niaba ya wenzake. Koa hakuonekana. Elinami alifukua kwa mikono, buti zikachafuka kwa mara ya kwanza, akampata mmoja mdogo. Mheshimiwa akamwaga majivu. Upepo ukayarudisha yote kwenye suti yake, na koa akaingia zake chini ya kabichi. Mwandishi mmoja akasema picha imetoka vizuri.

Mama Nakijwa akaitwa mbele, akapewa cheti cha Mkulima Mshirika katika fremu. Alikipokea kwa mikono miwili, akasema asante. Alipokuwa anarudi alinitazama. Nimeshapokea barua nyingi kali katika maisha yangu, lakini hakuna iliyonipata kama yale macho.

Chakula cha wageni kilikuwa pilau, kuku, na bata jike.

*

Taarifa ya mwisho niliichapa mimi. Ilisema KAKIKUKO imefanikiwa kwa asilimia mia moja, kwa kuwa katika bustani ya mfano hakuna tena shina hata moja linaloliwa na koa. Ilikuwa kweli tupu.

Nikafungua jalada ili niibane taarifa ile na kulifunga. Kurasa zikateremka, na chini kabisa, baada ya sampuli ya udongo, nikaona bahasha yangu. Muhuri wangu, mwandiko wangu. Nikaitikisa sikioni.

Jamani, nilikaa chini.

Kitu kikishagongwa muhuri kwetu ni mali ya Serikali mpaka mwisho wa dunia. Kukitoa kunahitaji barua, barua inahitaji kikao, kikao kinahitaji Makao Makuu, na nilijua Makao Makuu wakisikia iko mbegu watasema nini. Watataka kuizindua. Katika miaka yangu yote ya kazi nilikuwa sijawahi kutoa hata pini kabatini. Niliinuka, nikafunga mlango wa masjala. Kwenye meza yangu kulikuwa na ulezi wa uji wa saa nne. Ni punje ndogo za hudhurungi, ukiziangalia kwa haraka huwezi kuzitofautisha na figiri. Nikapima kijiko, nikasawazisha kwa kidole, nikatia ulezi kwenye bahasha. Figiri nikaifunga kwenye leso.

Nikambeba na bata dume kwapani, kwa hati ya kuachiliwa niliyojiandikia na kujisainia.

Mama Nakijwa alikuwa amekaa mlangoni, ameegemea fremu ya mlango. Cheti kilikuwa kimefunika mtungi wa maji. Nikamwachia bata, nikaifungua leso kwenye kiganja chake. Aliangalia muda mrefu. Akachukua punje moja akaitafuna kwa meno ya mbele. Halafu akaanza kulia, machozi yanateremka tu, hata hakujifuta.

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Usimwambie."

"Mama, naomba radhi ya lile zulia."

"Nenda kazini, Karani. Utachelewa."

Alizipanda nyuma ya jiko, penye ua wa matete, kwenye sufuria mbovu na mabeseni yaliyopasuka. Chini aliweka majivu ya kuni, yasiyo na nembo. Bata dume alipewa zamu peke yake, na hakukosa hata siku moja. Majirani wakaanza kujua, maana kwetu harufu ya figiri ikichemka haifichiki, lakini ajabu ni kwamba hakuna aliyesema. Mtaa unaojua nani kapika nini na nani kanuna na nani ulinyamaza miezi minane.

*

Mwaka huu mwezi wa pili, kabla ya masika, waraka mwingine ukaja. Kwa kuzingatia mafanikio yaliyopatikana, KAKIKUKO inaingia Awamu ya Pili. Ofisi za Tarafa zinaagizwa kutaja mara moja bustani iliyostawi kuliko zote, kwa ajili ya uzinduzi.

Asubuhi ile nilikuwa nimepita mteremkoni. Uani kwa Mama Nakijwa kulikuwa na foleni ya wanawake, kila mmoja na kijiko chake, wanasogea kimyakimya kama wako kliniki. Nyuma ya matete figiri ilisimama imekauka vizuri, mashina hamsini na mawili. Nilijifanya sijaona. Nao walijifanya hawajaniona.

Nikaweka karatasi kwenye mashine, nikachapa jibu: "Ofisi hii inasikitika kuarifu kwamba katika tarafa yetu hakuna bustani. Hakuna mboga. Hakuna cha kuzindua." Nikampelekea Bwana Mbwilo asaini. Huwa hasomi, husaini akiongea na simu. Safari hii aliweka simu chini, akasoma neno kwa neno. Nikaanza kuuhesabu muda wangu wa kustaafu.

"Hakuna kabisa, Karani?"

"Hakuna, mkuu."

Alitazama dirishani, upande wa mteremko. Kisha akautazama mkono wake wa kulia, ule ulioling'oa shina, akaukunja na kuukunjua.

"Mke wangu alipata kijiko chake leo alfajiri," akasema kwa sauti ya chini. "Alisawazishiwa kama wengine."

Nikamsogezea kalamu.

Akanirudishia barua bila kuisaini.

"Haijakaa sawa. Ongeza mstari," akasema. "Andika, 'wala hakuna dalili ya kuota'. Wakisoma hivyo hawatatuma hata mtu wa kuhakiki."

Nikarudi kwenye mashine, nikaongeza. Akasaini, nikagonga muhuri mara mbili, nikaipeleka mwenyewe kwenye basi.